Sauti imekata kwenye kompyuta? Usikimbilie kupiga Windows

Maswali ya sauti yamejaa kuliko ya kitu kingine chochote, na mengi yanaishia na sentensi ileile: fundi amesema tupige Windows upya, yaani tuiondoe na kuisakinisha tena. Najibu haya machache, ya wasomaji wa Kigoma. Mwenye tatizo linalofanana na la mwenzake asome jibu la mwenzake.

Shikamoo fundi. Kompyuta yetu ya mezani imekata sauti ghafla. Kijana mmoja hapa Mwanga ameitazama dakika mbili akasema Windows imekufa, aipige upya. Ndani kuna picha za watoto tangu wakiwa wadogo na hatuna nakala. Nimruhusu? (Mama, Mwanga)

Marahaba mama. Usimruhusu. Kupiga Windows upya, jinsi wengi wanavyofanya hapa mjini, ni kufuta diski C yote, na picha zilizowekwa kwenye Desktop, Documents au Pictures kwa kawaida ziko humohumo C. Windows mpya ikishaandikwa juu yake, kuzipata tena ni kudra.

Anza na spika. Chomoa waya wake kwenye CPU (lile kasha la kompyuta), uchomeke kwenye simu au redio yenye tundu la hedifoni. Zikiwa kimya na huko, kompyuta haina kosa. Zikitoa sauti, rudi nyuma ya CPU uhakikishe waya uko kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni na la bluu ni la kuingizia sauti. Rangi hizo zilipangwa na Microsoft na Intel kwenye mwongozo wao wa PC 99, na mashine nyingi za mtumba zinazotufikia bado zinazifuata, ingawa ziko zenye matundu meusi matupu yenye michoro midogo pembeni. Chukua tochi uisome.

Kisha bofya alama ya spika chini kulia kwenye skrini. Usiishie kutazama kama imewekewa msalaba, soma jina la kifaa kinachopelekewa sauti. Kama jina ni sahihi na bado kimya, fungua Device Manager (orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows), tafuta kadi ya sauti (mara nyingi imeandikwa Realtek), iondoe kwenye orodha hiyo, halafu zima na kuwasha kompyuta. Windows itaitambua upya na kuiwekea draiva (programu inayoendesha kifaa) yenyewe.

Yote hayo yakishindikana, mwambie kijana alete flashi yenye Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), awashe kompyuta kupitia flashi hiyo na achague kujaribu, asichague kusakinisha. Sauti ikitoka humo, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ni nzima na shida iko ndani ya Windows. Isipotoka, kuna uwezekano mkubwa kifaa chenyewe kimeharibika, na kupiga Windows hakutengenezi kifaa. Hata ikithibitika ni Windows, picha zinahamishwa kwanza kwenye diski ya nje, nawe umekaa hapohapo ukizifungua kuhakikisha zinaonekana. Fundi asiyeuliza habari ya mafaili yako kabla ya kushika kompyuta, mnyang'anye.

Kompyuta haitoi sauti, nifanyeje? (Gungu)

Kompyuta gani? Windows ipi? Spika za namna gani, na mara ya mwisho ilitoa sauti lini? Swali hili kwa maneno hayahaya limenijia kutoka Gungu, Katubuka na Kasulu, na halijibiki. Soma modeli kwenye kibandiko cha CPU, useme na kitu gani kilibadilika kabla sauti haijakata. Usipoyasema hayo, hata fundi aliye mbele yako anabahatisha, tena kwa pesa yako.

Naonyesha mpira uani kwangu. Zamani nilitumia waya wa VGA, sasa nimenunua projekta ya HDMI. Picha safi lakini sabufa haitoi kitu. Sabufa imeungua? (Ujiji)

Haijaungua. Sauti imehamia kwenye projekta. VGA inabeba picha peke yake, HDMI inabeba picha na sauti, na Windows ikiiona HDMI mara nyingi inaipelekea sauti bila kukuuliza. Bofya alama ya spika, chagua kifaa chenye jina la Realtek au spika za kawaida, basi. Wote mlionunua monita za HDMI zisizo na spika, jibu lenu ni hilihili.

Jambo la pili: umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya sabufa zinaamka kwenye bluetooth au redio. Shika rimoti uirudishe kwenye AUX (sauti ya kupitia waya) kabla hujaanza kuvuruga kompyuta.

Nikifungua nyimbo za kwaya, vinanda nasikia vizuri ila muimbishaji yuko mbali kama yuko ndani ya pipa. Nyimbo nilizonunua ni mbovu? (Kasulu)

Nyimbo ni nzima, waya ndio haugusi. Sauti ya stereo ina njia ya kushoto, njia ya kulia, na njia ya tatu ambayo zote mbili zinarudia. Hiyo ya tatu ikikosa kugusa, spika zinabaki zinapokea tofauti iliyopo kati ya kushoto na kulia. Muimbishaji karibu kila mara hurekodiwa katikati, yaani yuko sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ni sifuri na anajifuta. Vinanda vilivyopangwa pembeni vinabaki.

Chomoa pini uitazame karibu. Ikiwa na mistari miwili inayozunguka chuma, ni pini ya sehemu tatu, ya kompyuta. Mistari mitatu ni pini ya sehemu nne, ya simu, na kwenye baadhi ya matundu ya kompyuta haikai sawasawa. Jaribu kuichomoa kidogo sana huku wimbo unaendelea. Muimbishaji akirudi, umepata jibu, nunua kigawanyio cha pini ya simu. Kama pini ni ya kompyuta, isukume mpaka uisikie imebana.

Wa Kibirizi, Bangwe na kote kando ya ziwa, unyevu wenu unaleta kutu kwenye pini. Zima mashine, ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iache ikauke. Msikwangue kwa wembe. Mkiondoa ngozi ya juu ya chuma, kutu itarudi haraka zaidi.

Tangu kompyuta ipulizwe vumbi, tundu la hedifoni la mbele halifanyi kazi. La nyuma linafanya. (Uvinza)

Aliyeifungua hakurudisha waya wa tundu la mbele kwenye mazabodi. Mrudie, airudishe bila malipo. Mwambie asilazimishe: kiunganishi hicho kina pini tisa, cha USB nacho tisa, ila pengo haliko mahali pamoja, na akikosea kwa nguvu anapinda pini.

Spika zinanguruma mfululizo hata wimbo ukisimama. Jirani ameniambia nikate ile pini ndefu ya plagi, yake ilipona. (Katubuka)

Usikate! Pini hiyo ni ya athi (njia ya umeme kwenda ardhini), na kazi yake ni kukulinda wewe. Bila athi, kichujio cha umeme ndani ya pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya CPU) kinaachia umeme kidogo kwenye kasha la chuma, na ndio ule mtekenyo mnaousikia mkigusa CPU mkiwa pekupeku. Siku pawasaplai ikiharibika vibaya, hautakuwa mtekenyo tena. Jirani naye mwambie abadilishe plagi leo.

Ngurumo hiyo kwa kawaida ni ya umeme wa TANESCO wenyewe, unaopiga mara 50 kwa sekunde, unaoingia kwenye waya wa sauti pale kompyuta na sabufa zinapotumia soketi tofauti. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja yenye athi, kisha tenga waya wa sauti na nyaya za umeme. Ikibaki, chomoa waya wa sauti upande wa kompyuta. Ngurumo ikiendelea na ncha haijaguswa, tatizo ni sabufa au waya wake.

Nimeambiwa sauti imekata kwa sababu Windows 10 imefungiwa, nipakue programu ya bure inayotafuta draiva zote. (Mwanga)

Umeambiwa uongo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake masasisho ya usalama ya bure yaliishia hapo kwa watu wengi. Haikuzima sauti ya mtu yeyote. Hizo programu za draiva zote ziache kabisa, nyingi zinaingiza matangazo na takataka nyingine, na zipo zinazoingiza virusi. Draiva inatoka kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa namba ya modeli.

Fundi amethibitisha chipu ya sauti imekufa. Ninunue mazabodi nyingine? (Buhigwe)

Hapana. Nunua kadi ya sauti ya USB, ile ndogo yenye matundu mawili. Chomeka, subiri Windows iitambue, uichague kwenye alama ya spika. Bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na mazabodi.