Njia yangu ya alama ya maji imeshinda zote, mbona msimamizi ameikataa?

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili na nimebuni njia ya kutia alama ya maji, yaani alama iliyofichwa ya kuonyesha kuwa mashine ndiyo iliyoandika, kwenye maandishi ya akili mnemba. Nimeilinganisha na mbili zinazojulikana: orodha ya kijani ya Kirchenbauer na wenzake (2023) na ile ya Scott Aaronson. Yangu inapata z (kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tu) kubwa kuzishinda zote mbili. Msimamizi amenirudishia sura nzima, pembeni kaandika: "Si haki." Nimekosea wapi?

JIBU: Nikuulize kwanza. Delta ya orodha ya kijani uliitafuta mwenyewe, au ulichukua ile 2.0 iliyomo kwenye kodi yao? Na mipangilio ya njia yako uliichezea mara ngapi? Nahisi jibu la swali la pili ni "mara nyingi," na msimamizi wako kaliona hilo.

Orodha ya kijani hugawa tokeni, yaani vipande vya maneno, kwa ufunguo wa siri na kufuatana na tokeni iliyotangulia; sehemu moja ndiyo kijani. Delta ni nyongeza ambayo tokeni za kijani hupewa kabla modeli haijachagua neno. Ukiipandisha, alama inaonekana vizuri zaidi na maandishi yanazidi kuharibika. Kwa hiyo hata mimi naweza kukushinda kesho kwa z: napandisha delta hadi 6, basi. Endesha orodha ya kijani kwa delta kadhaa, tuseme 0.5, 1, 2 na 4, kila mara ukipima ubora wa maandishi pamoja na ugunduzi. Fanya vivyo hivyo kwa njia yako, kisha linganisha pale ubora unapolingana. Njia ya Aaronson haina delta; huchagua neno kwa namba zinazotokana na ufunguo wa siri. Nguvu yake yote inatokana na bahati nasibu iliyobaki kwenye uchaguzi wa neno, na ukishusha jotoridi (kiwango cha kubahatisha cha modeli) karibu na sifuri haina pa kuficha kitu. Njia zote tatu zitumie modeli ileile, maswali yaleyale na jotoridi lilelile.

Halafu hiyo z yenyewe. Chukua tokeni 200, nusu ya msamiati ikiwa kijani. Binadamu asiyejua lolote atagusa kijani mara 100 hivi, mkengeuko sanifu ukiwa 7 na ushei. Ili z ifike 4 unahitaji tokeni 129 za kijani. Kwa Aaronson hauhesabu kijani, unajumlisha pointi za tokeni zote, na kwa maandishi ya binadamu jumla hiyo ina wastani wa 200 na mkengeuko 14, lakini mgawanyo wake una mkia mrefu upande wa juu. Z ya 4 huku si sawa na z ya 4 kule. Achana nazo. Kusanya maandishi ya watu, weka kizingiti cha kila njia pale inapomsingizia mtu mmoja kati ya 100, kisha useme kila moja imekamata mangapi ya mashine. Sura nyingi za tasnifu ningezirudisha kwa hili tu.

Maandishi ya watu nayo yana mtego. Tokeni ikitanguliwa na zilezile tena na tena, kama kwenye "kwa mujibu wa," usiihesabu kila mara kana kwamba ni ushahidi mpya. Hesabu mara moja. Ukiongeza njia ya orodha isiyobadilika, ile ambayo kijani ni kilekile kwa kila neno, jihadhari zaidi: "na," "ya" na "wa" zikiangukia kijani, mwandishi yeyote wa Kiswahili ataonekana mashine. Jaribu funguo nyingi za siri, usiridhike na mmoja uliokupendeza.

Ubora usiupime kwa kipimo kimoja. Njia ya Aaronson, ukiipa swali lilelile na ufunguo uleule, inarudisha jibu lilelile neno kwa neno. Ukisoma jibu moja moja hutaona kasoro. Omba majibu kumi, utaona.

Kuhusu kuandika upya kwa maneno mengine ili kufuta alama: ukijaribu kama alama inadumu, tumia programu moja kwa njia zote, na uhakikishe maana haikupotea.

Mwisho ni urefu. Kwa tokeni 50, orodha ya kijani inahitaji 40 za kijani ili ifike z ya 4, yaani nne katika kila tano, kwa hiyo usichanganye vipande vifupi na virefu kwenye wastani mmoja. Kama data yako ni ya Kiswahili, andika urefu kwa tokeni na kwa maneno pia. "Hawajatulipa" ni neno moja kwetu, lakini modeli nyingi hulikata vipande kadhaa, na msomaji wako atadhani tokeni 200 ni ukurasa kumbe ni aya.