Bampa la chuma kwenye Hilux kuukuu: usikimbilie kukaza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bampa jipya limekaa upande na linagusa madigadi ya mbele. Mara nyingi si bampa. Ni boliti kukazwa mapema.

Chomoa waya hasi wa betri kwanza, hasa kama kuna taa za fogi. Hapa Mombasa chumvi hula boliti za chesisi (fremu ya chini ya gari), kwa hiyo zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jioni, ufungue asubuhi. Ukilazimisha zitakatika humo ndani. Kwangua kutu kwa brashi ya waya. Chuma cha chesisi kikitoboka ukikidunga kwa bisibisi, kazi ya bampa isubiri.

Bampa ni zito: watu wawili, na jeki chini yake. Tia boliti zote kwa mkono, sawazisha, acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 na bodi, kwani bodi hucheza juu ya raba zake. Ndipo ukaze: boliti za M12 (unene wa milimita 12) za daraja la uimara 8.8, takriban Nm 80 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kaza tena baada ya kilomita 500.

Fundi akitaka kulichomelea kwenye chesisi, mkatalie. Pua ya gari ikishuka kwa uzito wa bampa, rekebisha taa kubwa pia.