Maswali na Majibu: Siku zetu 180 katika uwanja wa karavani wa jeshi zinakwisha, je, wanaweza kutuondoa?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mume wangu ni sajini katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Tulipohamishiwa Texas tulikuta kodi za nyumba ziko juu, tukanunua karavani ya kuvutwa na kuiegesha katika uwanja wa karavani ulio ndani ya kituo chake. Tunalipa mwezi kwa mwezi na hatujawahi kuchelewa. Sasa tumepewa taarifa kwamba ukomo wa siku 180 unafika mwezi ujao. Katika kundi letu la WhatsApp wapo wanaosema tutoke usiku mmoja tu kisha turudi, siku zitaanza kuhesabiwa upya. Bwana mmoja ametuuzia kwa dola 150 barua inayosema kwamba aliyekaa zaidi ya siku 30 ni mpangaji kisheria na hawezi kuondolewa bila amri ya mahakama. Mwingine ametushauri tuandikishe eneo kwa jina la mzee mstaafu tunayemfahamu. Tuna watoto watatu shuleni, nami nimekwisha kuomba uraia. Tufanye nini, na je, posho ya makazi itaguswa? — Mama wa Watatu, Texas

JIBU: Marahaba, mama. Ndiyo, wanaweza kuwaondoa, na kwa kawaida hawapiti njia ndefu ya mahakama anayopita mwenye nyumba wa mjini. Posho ya makazi, ambayo askari wote huiita BAH, haiguswi kwa sababu ya karavani, kwa kuwa hupangwa kwa kuangalia cheo cha mumeo, kama ana wategemezi, na eneo la kituo anachofanyia kazi. Wala haipimwi kwa kodi mnayolipa. Hilo liondoeni katika orodha ya hofu zenu. Lililobaki ni barua ya dola 150, na hapo nitakaa kwa muda, kwa sababu barua za namna hiyo huletwa mezani kwangu mara kwa mara, na zinazidi kupambwa kwa mihuri na vifungu vya sheria.

Habari ya siku 30 haikutungwa hewani. California ina sheria ya viwanja vya karavani inayomweka mtu katika madaraja kwa kadiri anavyokaa: hadi siku 30 ni mkaaji wa kupita, akizidisha siku 30 mfululizo anakuwa mpangaji, na akifikisha miezi tisa anahesabiwa kuwa mkazi, na kila daraja lina kinga zaidi ya lililotangulia. Ndiyo maana baadhi ya wenye viwanja vya binafsi huko huwahamisha wateja wao kabla siku ya 30 haijafika. Mtu amesoma habari hizo, akazinakili, akafuta jina la jimbo, kisha akamuuzia mama anayeishi Texas, ndani ya kituo cha jeshi. Kuna makosa mawili hapo, na la pili ndilo kubwa.

La kwanza ni kwamba sheria ya jimbo moja haivuki mpaka kwenda jimbo jingine. La pili ni kwamba kituo cha jeshi mara nyingi si ardhi ya kawaida ya jimbo hata kidogo. Vituo vingi vya zamani vimesimama juu ya ardhi ambayo jimbo liliikabidhi serikali kuu pamoja na mamlaka yake, na katika ardhi ya namna hiyo sheria ambazo jimbo limezitunga baada ya makabidhiano hazitumiki, isipokuwa Bunge la Marekani liwe limeziruhusu. Mamlaka hayo yanaweza kutofautiana kutoka kituo hadi kituo, na hata kutoka kipande hadi kipande cha kituo kimoja, jambo ambalo muuza barua hakulichunguza kwa sababu halijui. Juu ya hayo yupo kamanda wa kituo, ambaye uwezo wake wa kuamua nani aingie na nani akae ndani ya uzio ni mpana kuliko raia wengi wanavyodhani. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mpishi wa mkahawa uliokuwa ndani ya kiwanda cha silaha cha jeshi la majini jijini Washington. Alinyang'anywa kitambulisho cha kuingilia kazini bila kusikilizwa kwanza, na Mahakama ikakubaliana na kamanda. Na mtu aliyekwisha kupigwa marufuku ya kuingia kituoni, akiingia tena, anatenda kosa la serikali kuu ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita. Sisemi kwamba mtafikishwa huko kwa kupitiliza siku kumi. Nasema kwamba barua yenu inadai kumfunga mikono mtu ambaye sheria imemwachia huru mikono yote miwili.

Rudini pia mkaisome fomu mliyoitia saini siku ya kwanza. Viwanja hivi, ambavyo Jeshi la Anga huviita FamCamp na Jeshi la Majini huviweka chini ya Navy Getaways, viko chini ya idara ya burudani na ustawi, MWR, wala si chini ya ofisi ya makazi. Vilijengwa ili askari na familia yake wapate mahali pa kupumzika, na kwa kiasi kikubwa hujiendesha kwa ada za wateja. Fomu zake humpa mtu ruhusa ya kutumia eneo kwa muda; hazimpi upangaji wa makazi, na nyingi husema waziwazi kwamba eneo hilo halitakuwa makao ya kudumu. Kulipa kwa mwezi hakubadilishi jambo hilo, hata ukilipa kwa wakati mwaka mzima.

Wengine huja na Sheria ya Kinga za Kiraia kwa Wanajeshi ya mwaka 2003. Ni sheria nzuri, na imeokoa familia nyingi: inamzuia mwenye nyumba kumwondoa askari au familia yake bila amri ya mahakama pale kodi isipozidi kiwango kinachorekebishwa kila mwaka, na inamruhusu askari kuvunja mkataba wa pango anapopata uhamisho au anapotumwa kazini kwa siku 90 au zaidi. Lakini inazungumzia nyumba ya kupanga. Kama kuna namna yoyote ya kuinyoosha ifike kwenye eneo la burudani, atakayewaambia hilo ni mwanasheria aliyeisoma fomu yenu. Kundi la WhatsApp haliwezi.

Nije kwenye usiku mmoja wa kutoka na kurudi. Hila hii hudhani kwamba ukomo wote huhesabiwa kwa siku zinazofuatana, na kwamba ukikata mfululizo saa inarudi sifuri. Karibu na vituo vya Texas ya kati kuna ziwa la Belton, lenye viwanja vya kupiga kambi vinavyosimamiwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, kama Live Oak Ridge na Cedar Ridge. Kanuni ya maeneo ya kikosi hicho ni siku 14 ndani ya kila siku 30 zinazofuatana. Ukikaa siku 13, ukatoka usiku mmoja, ukarudi, umebakiwa na siku moja tu katika dirisha hilo. Viwanja vya MWR navyo vina namna zake: vingine huhesabu siku kwa mwaka mzima, vingine hudai ukae nje wiki kadhaa kabla ya kurudi, vingine hukaza ukomo katika msimu wa watu wengi na kuulegeza viwanja vikiwa vitupu, na vingine humwongezea mtu muda kwa kadiri orodha ya wanaosubiri inavyoruhusu. Kwa hiyo neno la kulitafuta katika kanuni za uwanja wenu ni lile linaloeleza siku 180 zinahesabiwa ndani ya kipindi gani, na baada yake mnatakiwa kuwa nje kwa muda gani. Ombeni maelezo hayo kwa maandishi. Nimeona familia zikivuta karavani hadi maegesho ya duka, zikalala humo na watoto katika joto la Agosti, zikarudi asubuhi na kukuta eneo lao limekwisha kupewa aliyekuwa akisubiri.

Anayesubiri naye ana haki yake. Miezi ya kiangazi ndiyo yenye uhamisho mwingi, na familia nyingine kama yenu inafika getini ikiwa na karatasi ile ile ya uhamisho mkononi. Wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini huja Texas na Florida kwa miezi ya majira ya baridi. Tangu tarehe 1 Januari 2020, mlango umefunguliwa pia kwa wanajeshi wa zamani wote wenye ulemavu uliotokana na utumishi, waliopata nishani ya Purple Heart ya waliojeruhiwa vitani, waliowahi kuwa mateka wa vita, pamoja na watunzaji waliosajiliwa wa baadhi yao. Ukomo wa siku ndiyo njia pekee inayofanya maeneo machache yazunguke kati ya watu hawa wote.

Ushauri wa kutumia jina la mzee mstaafu ndio ulionikasirisha kuliko yote, kwa kuwa aliyeutoa bila shaka anajua kwamba umeomba uraia. Fomu ya kuandikisha eneo katika kituo cha jeshi ni maelezo unayoyatoa kwa chombo cha serikali kuu, na kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi kwa chombo hicho ni kosa la jinai. Fomu ya uraia, N-400, inakutaka uorodheshe mahali ulipoishi kwa miaka iliyopita, na inakuuliza kama umewahi kutenda kosa hata kama hukukamatwa. Utaandika nini hapo? Ukiandika ukweli, umejishtaki. Ukiuficha, umeongeza uongo wa pili mbele ya ofisa atakayekuapisha kabla ya mahojiano. Naye mzee wa watu anaweza kupoteza haki yake ya kutumia viwanja hivyo kwa ajili ya wema aliodanganywa kuufanya.

Kwa kuwa tumeligusa jambo la uraia, kumbuka kwamba mkaazi wa kudumu asiye raia anapaswa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10 tangu ahame, na karavani ikitoka kituoni kwenda uwanja wa nje, mmehama. Hakikisha pia barua zinakufikia, kwa sababu viwanja vingi havipokei barua za wakaaji, na wito wa kuchukuliwa alama za vidole ukipotea, ombi linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa.

Sasa la kufanya, nalo mlifanye wiki hii, msingoje wiki ya mwisho. Mumeo aende ofisi ya makazi ya kituo na kuomba barua inayoonyesha mko nafasi ya ngapi katika orodha ya nyumba za familia, au kwamba hakuna nyumba ya ukubwa unaowafaa. Barua hiyo, pamoja na amri ya uhamisho na risiti zenu zote, iambatanishwe na ombi la maandishi kwa meneja wa uwanja la kuongezewa muda hadi tarehe maalumu. Tarehe ndiyo inayopima uzito wa ombi: anayeomba siku 40 kwa sababu nyumba itakuwa tayari siku fulani husikilizwa, anayeomba "hadi tupate mahali" huonekana ameomba kuhamia moja kwa moja. Meneja akisema hana uwezo, ombi lipandishwe kwa anayesimamia MWR kituoni, kwa kupitia mkuu wa kikosi cha mumeo. Wakati mnasubiri, wekeni nafasi katika uwanja wa binafsi ulio nje, hata kama ni ghali zaidi, kwa maana mwenye mahali pa kwenda hatapitiliza siku zake. Fedha ya malazi ya muda ya uhamisho msiitegemee: ndani ya Marekani kwa kawaida hulipwa kwa wiki chache tu, hurefushwa hadi siku 60 pale tu uhaba wa nyumba unapotambuliwa rasmi, na ni ya wakati wa kuhama, ambao kwenu umekwisha kupita.

Watoto wasikunyime usingizi. Sheria ya McKinney-Vento inawatambua watoto wanaoishi katika viwanja vya kambi kwa kukosa makazi mengine ya kufaa, na inawapa haki ya kubaki katika shule yao hata anwani ikibadilika. Zungumza na ofisa wa jeshi anayeshughulikia mambo ya shule, na ueleze wazi kwamba mko humo kwa kukosa nyumba, kwa kuwa sheria haimhusu aliyechagua karavani kwa kuipenda.

Nawaambia na wengine mnaosoma, hasa mliopata amri ya uhamisho juzi na mmekwisha kupigiwa simu na dalali anayesema karavani itawaachia nusu ya BAH mfukoni kila mwezi. Dalali huyo analipwa karavani ikiuzwa, na siku ya 181 hatakuwapo. Kabla ya kutia saini mkopo wowote, pigeni simu wenyewe kwenye uwanja wa kituo mnachokwenda, mkaulize ukomo ni siku ngapi, unahesabiwaje, orodha ya kusubiri ina urefu gani, na kama urefu wa karavani hiyo na umeme wake wa ampea 50 vinaingia katika maeneo yaliyopo. Kisha ulizeni bei ya mwezi katika viwanja viwili vya nje, kwa sababu huko ndiko mtakakoishi sehemu kubwa ya miaka yenu mitatu ya kituo hicho.

Nawe, Mama wa Watatu, barua ya dola 150 usiitupe. Ichukue, pamoja na fomu ya uwanja na ujumbe wote wa yule bwana, uipeleke kwenye ofisi ya msaada wa sheria ya kituo, ambayo huwahudumia askari na familia zao bila malipo. Texas hairuhusu mtu asiye na leseni ya uwakili kuuza ushauri wa sheria, na wanasheria wa ofisi hiyo wanajua pa kumfikisha.