Maswali na Majibu: Kitabu cha Zamani cha Mapishi ya Mataifa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vitabu vya zamani vya mapishi ya nyumbani kutoka nchi mbalimbali, vile vinene vyenye sura ya Ufaransa, ya India, ya Meksiko na kuendelea. Navipenda sana vitabu hivi, na ningependa kuviona vikitumika jikoni badala ya kukaa rafuni. Neno moja litajirudia katika majibu yangu: kabla hujapima unga, tafuta kitabu kilichapishwa wapi na lini.

Nimefuata keki ya kitabu cha zamani vilevile ilivyoandikwa, vikombe kwa vijiko, lakini rojo limekuwa zito mno. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Kikombe hakina ujazo mmoja duniani. Cha Marekani ni kama mililita 237. Cha Uingereza, katika vitabu vilivyokitumia, ni nusu painti yao, yaani mililita 284. Australia ni 250, na Japani 200. Painti zenyewe hazilingani: ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza 568.

Kama kila kitu kingepimwa kwa kikombe kilekile, keki ingetoka tu, kubwa zaidi au ndogo zaidi. Shida huletwa na vitu visivyopimwa kwa kikombe. Mayai huhesabiwa. Siagi, kwenye vitabu vya Marekani, hutajwa kwa mche, na mche mmoja ni gramu 113. Ukichukua kikombe kikubwa cha Uingereza kwa mapishi ya Marekani, unga unaongezeka kwa karibu asilimia 20, huku mayai na siagi vikibaki palepale. Hapo rojo litakuwa zito, hakuna namna nyingine.

Tazama pia mwaka. Fannie Farmer, mwandishi wa mapishi wa Marekani, katika kitabu chake kilichotoka Boston mwaka 1896, alisisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Vitabu vya kabla yake, na vingi vya baadaye, vilimaanisha kijiko kilichorundikwa. Nakushauri hivi: ukishajua kitabu ni cha nchi gani, geuza kila kitu kuwa gramu na uandike kwa penseli pambizoni. Kikombe cha Marekani cha unga wa ngano, uliotiwa kwa kijiko na kusawazishwa, ni kama gramu 120 hadi 125. Aunsi ya uzito haina ugomvi, ni gramu 28 na kidogo kote kote. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kijiko kikubwa ni 15, isipokuwa Australia ambako ni 20.

Kitabu changu kimeng'oka kurasa za mwanzo, hakina mwaka wala mchapishaji. Nitajuaje umri wake?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, maana kitabu cha mapishi ya mataifa hujieleza chenyewe kwa majina ya nchi. Serikali ya Uajemi iliyataka mataifa mengine yaiite Iran mwaka 1935. Siamu ilichukua jina la Thailand mwaka 1939. Ceylon ikawa Sri Lanka mwaka 1972. Chekoslovakia ilizaliwa mwaka 1918 na kugawanyika mwanzoni mwa 1993.

Ila zingatia tofauti hii: jina jipya ni ushahidi, jina la zamani ni dalili tu. Kitabu kinachosema "Sri Lanka" hakiwezi kuwa cha kabla ya 1972. Kinachosema "Ceylon" kinaweza kuwa cha 1950, au cha 1980 kilichoandikwa na mtu aliyezoea jina la utotoni.

Kisha geuza jalada la nyuma. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, yenye tarakimu 10 ilianza kutumika mwaka 1970, na ya tarakimu 13 ndiyo inayotumika tangu 2007. Uingereza walikuwa na namba ya tarakimu 9 tangu 1967. Kama hakuna namba yoyote, uwezekano ni mkubwa kwamba kitabu ni cha kabla ya hapo. Soma pia maelezo ya vifaa: mwandishi anayeeleza kwa kirefu jinsi ya kutumia friji anaandikia watu ambao ndio kwanza wanalinunua.

"Oveni ya wastani" ni nyuzi ngapi? Na "gesi namba 4"?

Zote mbili ni nyuzi 180 za Selsiasi, sawa na 350 za Farenhaiti. Oveni "ya polepole" ni kama 150, na "kali" ni kama 220. Namba za gesi ni za Uingereza: namba 1 ni nyuzi 140, na kila namba inayofuata huongeza nyuzi 25 za Farenhaiti, yaani kama 14 za Selsiasi. Ukikuta 350 au 400 bila herufi yoyote, hizo ni Farenhaiti: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Na kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 20 hivi.

Maneno hayo ya wastani na polepole yanatoka enzi ambazo oveni haikuwa na kipimo. Mpishi alinyunyiza unga kwenye sinia, akalitia ndani na kutazama jinsi unga unavyobadilika rangi. Kwa hiyo muda ulioandikwa uchukue kama makadirio, uanze kuchungulia mapema.

Mapishi yanasema "kopo namba 2 la nyanya". Kopo gani hilo?

Ni saizi ya zamani ya Marekani: aunsi 20, vikombe viwili na nusu. Namba 303 ni vikombe 2. Namba 2½ ni vikombe vitatu na nusu.

Binti yangu anasema sura ya India kwenye kitabu changu ni ya uongo kwa sababu kila mchuzi una unga wa kari wa mkebe. Nikiondoe jikoni?

Binti yako ameona sawasawa, lakini usikiondoe. Unga wa kari wa mkebe ni mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya jiko la Waingereza. Nyumba za India huchagua viungo kwa kila chakula, na mara nyingi hukaanga au kuponda papo hapo. Tayari mwaka 1747 Hannah Glasse, mwandishi wa mapishi wa Uingereza, aliwachapishia wasomaji wa London mapishi ya kari "ya Kihindi", kwa hiyo desturi hii ni ya zamani sana.

Kitabu cha mapishi ya mataifa hupikia msomaji wake. Mwandishi Mwingereza Elizabeth David alipotoa kitabu chake cha vyakula vya Mediterania mwaka 1950, Uingereza ilikuwa bado na mgao wa chakula, uliokwisha mwaka 1954. Wasomaji wake wengi hawakuweza kupata nusu ya alivyovitaja. Yeye alivitaja hivyo hivyo. Wengine waliamua kubadilisha: krimu badala ya tui, siki badala ya ukwaju. Mimi simlaumu aliyebadilisha, mradi aseme. Namlaumu anayenyamaza.

Angalia pia ni sehemu gani ya nchi inayosemwa. Sura ya China katika vitabu vya zamani vya Marekani huegemea Guangdong, kwa sababu wahamiaji wengi wa mwanzo walitoka huko. Nchi nzima haiingii katika mapishi kumi na mawili.

Unachoweza kukiamini mara nyingi ni mwenendo wa kazi: kipi kinatangulia, moto wa namna gani, lini maji yanatiwa. Ufuate huo, halafu weka giligilani, bizari nyembamba, manjano na tangawizi kila kimoja peke yake, ukivikaanga kwenye mafuta kabla ya kutia nyama.

Kuna sura nzuri ya kuhifadhi maharage na mboga kwenye chupa: unachemsha chupa kwenye maji kwa muda wa saa tatu. Naweza kuifuata?

Hapana. Hapa sina nafasi ya kulegeza. Maharage, mahindi, nyama na samaki havina asidi ya kutosha, na ndani ya chupa isiyo na hewa bakteria wa Clostridium botulinum hutoa sumu inayoweza kuua, ambayo huwezi kuiona wala kuinusa kila mara. Spora zake, yaani chembe ngumu ambazo bakteria huchipuka kutoka kwazo, hustahimili maji ya kuchemka, hata kwa saa nyingi. Zinahitaji nyuzi 116, ambazo hupatikana kwa sufuria ya presha iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, na kwa muda uliopimwa siku hizi.

Matunda mengi yana asidi, kwa hiyo maji ya kuchemka yanatosha. Nyanya ziko mpakani: tia vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya chupa kwa kila chupa ya karibu lita moja. Jemu usiifunike kwa nta kama kitabu kinavyosema, kwa kuwa nta huacha upenyo na ukungu unaingia. Na usiziweke chupa kwenye oveni, zinaweza kupasuka.

Sura hiyo isome kwa kujifunza historia. Ukipika, tumia maelekezo ya sasa.

Kurasa zinakatika na zimekuwa za kahawia. Nizibandike kwa selotepu?

Tafadhali usifanye hivyo. Gundi yake huingia kwenye karatasi, inageuka njano, na ukiing'oa inaondoka na maandishi. Rangi ya kahawia inatokana na asidi ya karatasi ya mbao, na mwanga huizidisha. Palipochanika panahitaji karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Weka kitabu mbali na jua na unyevu. Jikoni peleka picha ya ukurasa kwenye simu, kitabu kibaki chumbani.

Naruhusiwa kuchapa tena mapishi yake?

Kwa sheria ya Marekani, orodha ya viungo peke yake hailindwi, bali maelezo na picha zinalindwa. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unataka ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefika 70. Andika hatua kwa maneno yako, piga picha zako, na utaje kitabu ulikotoa.