Wazee wenzangu, mnauliza hadithi

Tangu niandike kuhusu sisi wazee wa Tanga tunaokwenda kuwahadithia watoto wa shule za msingi bila malipo, maswali yamekuwa mengi. Nayajibu machache.

Dada, nimestaafu bandarini na najua hadithi tatu tu. Nitaweza? (Babu, Chumbageni)

Tatu nyingi, kaka. Mimi huu mwaka wa pili niko na Kima na Papa, na watoto wa darasa la pili wakiniona langoni wanaitaka hiyo hiyo. Kisa ni cha zamani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikikuta Unguja, kikachapishwa London mwaka 1870, na hakijachuja. Tena watoto wa huku papa wanamjua, wamemla mkavu kwa nazi.

Mwalimu wa darasa anataka nimalizie na "hadithi hii inatufundisha nini?" Nifanyeje? (Bibi Mstaafu, Ngamiani)

Mwombe kwa adabu akuachie. Siku moja nilifika pale papa anapomwambia kima, wakiwa katikati ya bahari, kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu, "Mbona hukusema mapema? Moyo nimeuacha mtini." Kimya. Mtoto wa dawati la nyuma akasimama: "Bibi, moyo hautoki. Angekufa!" Kabla sijafungua mdomo, jirani yake akamvuta shati: "Wewe nawe, si anamdanganya!" Darasa likalipuka, papa mjinga, papa mjinga, hata mwalimu akacheka na chaki yake mkononi. Sasa hapo mimi niongeze mafunzo gani?

Watoto wa siku hizi hata paukwa hawajui kuitikia.

Wafundishe, ni dakika mbili. Wewe "Paukwa!", wao "Pakawa!" Kisha wape "kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", twende hivyo mpaka "kijino kama chikichi". Hapo wataanza kuoneshana mapengo.

Mazimwi hayawatishi?

Yanawatisha, na ndiyo raha yenyewe. Ila kengele isigonge zimwi likiwa bado hai.

Marehemu bibi alitukataza hadithi mchana, eti utaota pembe. Shule ni asubuhi, je?

Bibi yangu naye alisema hivyo hivyo. Mimi nahadithia saa nne asubuhi, jua kali. Jioni nikivua ushungi najipapasa kichwa. Bado.