Jibu: Pedro Diniz alikuwa mtoto wa tajiri tu, au dereva?

Ndugu, umeuliza kama Pedro Diniz wa Brazili alinunua nafasi tu kwenye langalanga, mbio za magari. Pesa ilimfungulia mlango, hilo halina ubishi. Babu yake, Valentim, mhamiaji kutoka Ureno, alifungua duka la keki na vitamutamu São Paulo mwaka 1948, akaliita Pão de Açúcar. Baba yake, Abilio, akasaidia kulikuza hadi likawa mtandao mkubwa wa supamaketi. Pedro alipoingia Formula 1, ngazi ya juu ya mbio hizo, na timu ya Forti mwaka 1995, wadhamini walikuja naye.

Lakini pesa haikukanyagii mafuta. Mwaka 1996 kule Argentina, vali ya tangi ilikwama wazi baada ya kujaza mafuta na gari likawaka moto akiwa ndani. Mwaka 1999 kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, gari lilipinduka, chuma cha kumlinda kichwa kikavunjika, akatoka mzima. Mimi mtu anayerudi kwenye usukani baada ya hayo namheshimu. Kwa jumla alipata pointi 10, enzi ambazo sita wa kwanza tu ndio waliopewa, na mara mbili alimaliza wa tano, akiwa na timu ya Arrows.

Alistaafu udereva baada ya msimu wa 2000. Baadaye akageukia shamba la familia, Fazenda da Toca, huko Itirapina, jimbo la São Paulo: mayai, maziwa na matunda bila kemikali, miti ikipandwa pamoja na mazao. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri zaidi: familia iliyouza chakula, naye akaenda kukilima.