Mtafiti Aingia Hifadhini, Mvuvi Azuiwa: Kwa Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa malema hapa Shela, Malindi. Ndani ya hifadhi ya bahari siruhusiwi kutega hata lema moja, lakini kila mara nawaona watafiti wakipiga mbizi humo na kamba zao na vibao vya kuandikia. Kazi yao ina faida gani kwetu?
Mvuvi, Shela

JIBU: Ndugu yetu, hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1968, na thamani yake kwa mtafiti ni kwamba humo aweza kuuona mwamba usiovuliwa, kisha akaulinganisha na ile mnayovua ninyi. Chukua wale viumbe wa miiba mieusi wanaochoma watu miguu maji yakitoka. Watafiti waliowahesabu katika pwani ya Kenya waliwakuta tele kwenye miamba inayovuliwa sana, na wachache hifadhini, kwa sababu humo bado yumo samaki aitwaye kikande, ambaye huwala. Kikande akiisha, viumbe hao huongezeka na kuukwangua mwamba hadi ukamomonyoka, na changu na tafi wakakosa makao. Pasingekuwapo mahali pasipovuliwa, chanzo cha hayo kingekuwa vigumu kukitambua.

Hata malema yamepimwa. Huko Mombasa ilionekana kuwa yaliyotegwa karibu na mpaka wa hifadhi hupata samaki zaidi kuliko ya mbali, maana samaki wakiongezeka ndani, wengine hutoka nje.

Mwaka 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi wakati wa El Nino, matumbawe mengi yalipauka na kufa, hata hifadhini. Kwa kuwa yalikuwa yamepimwa kabla, hasara ilijulikana, na ikajulikana pia kwamba joto halizuiwi na askari wa doria.

Kuhusu ruhusa, mtafiti naye hajiingilii tu: hutakiwa kuwa na leseni ya utafiti pamoja na idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na samaki anaowahesabu kwa macho huwaacha majini.

Hata hivyo, nahisi swali lako lina lalamiko ambalo hukuliandika, nalo ni la haki. Matokeo mengi huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa mbali na bandari ya samaki. Mwombeni mwenyekiti wa BMU yenu, yaani kikundi chenu cha usimamizi wa ufuo, awaalike watafiti hao waje wawaeleze kwa Kiswahili walichokiona, ikiwezekana wakati wa kusi, bahari inapochafuka na wengi wenu mkawa nchi kavu.